Karatasi ya Kufungia Kosai

Gidan Kolo, 14 Januari 1995

Kaka Ponfa,

Nakusalimu wewe, shemeji Kaneng na watoto wote, mpaka yule wa mwisho anayeng'ata watu. Mwambieni Mama goti lake nalikumbuka kila nikipiga magoti yangu, na ile dawa niliyomtumia ni ya kuchua, asiinywe. Mimi mzima. Baridi ya mwaka huu imetukamata vibaya, vumbi limeingia mpaka kwenye uji, na midomo imenipasuka hata kucheka nacheka kwa upande mmoja.

Kazi ni ile ile. Saa moja asubuhi wagonjwa wamekwisha kujaa barazani. Sheria ya Kamati yenu ya misheni unaijua kuliko mimi: hakuna kadi ya matibabu kabla ya mahubiri. Basi nesi mzima nasimama na Biblia mkononi, mtoto wa surua anakohoa, mama yake ananitazama kwa macho ya "maliza basi", na Malam Issoufou, mwalimu wa Kurani mwenye kidonda cha mguu, ananisahihisha habari za Nabii Musa mbele za watu. Juzi kaniambia, "Nanret, fupisha, kidonda changu hakina subira. Au silimu tu nikuoe, uwe wa tatu, tuwe tunabishana nyumbani." Nikamjibu, "Kipone kwanza. Mchumba gani huyu ananuka?" Baraza zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Ndivyo tunavyoishi. Huu mwaka wa sita na sijabatiza mtu hata mmoja. Unalijua hilo, na Kamati inalijua.

Nikupe habari moja, ya kwako peke yako. Kuna binti hapa anaitwa Habsou, hajafika miaka ishirini. Alikaa na uchungu siku nne, mtoto akafia tumboni, na tangu siku hiyo mkojo unamtoka wenyewe, hauna saa wala breki. Mumewe akamrudisha kwa baba yake, Mzee Laouali mfuga mbuzi. Anapokuja zahanati anakuja na kibuyu cha mchanga mkavu. Anaumwaga pembeni, mbali na watu, anaukalia. Akiondoka anauzoa wote mpaka punje ya mwisho, anaurudisha kibuyuni, ili asiache alama alipokuwa. Siku ya kwanza nilipomwona akiuzoa niliingia stoo nikalia.

Nimepeleka jina lake hospitali ya serikali mjini. Kuna daktari wa upasuaji wa namna hiyo, huja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba, kwa wiki mbili tu. Namtaka Habsou awe kitandani siku daktari akifika. Mwaka huu sina ombi jingine kwa Mungu.

Mwenyekiti wenu, Mchungaji Dakwal, ametuma neno kwamba anakuja wiki ijayo na kamera. Niombee.

Mdogo wako,
Nanret

&nbsp;

Mangu, 25 Februari 1995

Mpendwa mdogo wangu katika Bwana,

Barua yako ilikaa kwa dereva wiki tatu, chini ya kiti, imenuka dizeli. Sote hatujambo. Mama dawa alishainywa kabla barua haijafika. Tumbo lilimwendesha siku mbili, ila anasema goti limepata nafuu, kwa hiyo hatubishani naye. Kaneng anakusalimu na anauliza kama huko kweli hamna viazi. Mimi nauliza kilishi changu. Nyama ya kukausha ya huko kwenu haina mfano, na wewe umeniahidi tangu Krismasi ya juzi!

Sasa niseme kama Katibu wa Kamati. Mwenyekiti amerudi kwa furaha ambayo sijapata kuiona. Anasema alihubiri siku moja tu, na mikono kumi na minane ikainuliwa. Kumi na minane, Nanret! Wewe miaka sita hukutuandikia hata mkono mmoja. Unaona haya au unaficha? Makanisa huku yanauliza matunda. Wazee wanasimama kwenye mkutano wanasema, "Yule binti wetu yuko Niger anafanya nini?" Nami ndiye nabaki nimekaa pale natoa macho.

Yule binti wa mchanga, habari yake ina mguso. Endelea kuniandikia mambo ya namna hiyo, kwa kirefu.

Kaka yako,
Ponfa

&nbsp;

Gidan Kolo, 8 Aprili 1995

Kaka Ponfa,

Salamu nyingi. Wasalimie wote, na mwambie Kaneng viazi vipo, ni vidogo na vina hasira. Ramadhani imepita. Mwezi ule wote nilikuwa natoa dawa za mchana baada ya jua kuzama, maana hakuna aliyekubali hata tone la dawa ya macho kabla ya futari, nami sikuona sababu ya kugombana. Siku ya Idi nililetewa nyama na nyumba tisa. Nimekula nimechoka.

Kuhusu mikono. Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu nimekaa na jambo hili kama mfupa kooni. Mwenyekiti wako alihubiri saa nzima na nusu. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia, mama mmoja mjamzito akalala chini sakafuni. Mwishoni akauliza, "Nani hapa anataka kupona?" Kaka, barazani kwa zahanati! Kwa watu waliotembea tangu alfajiri! Angeuliza nani anataka kupona asubuhi yoyote ya mwaka angeinuliwa mikono hiyo hiyo. Wakainua. Kamera ikalia, kacha, kacha. Akazigeukia picha zake, akasahau hata kuuliza nani ana homa. Nilitaka kutapika. Nasema kweli, nilisikia mate ya uchungu mdomoni, nami ni mtu ninayeosha vidonda vyenye funza na kisha nakunywa chai.

Hawa ni Waislamu, na wamebaki Waislamu. Picha zile zikae kabatini kwako. Wewe ndiye Katibu, ufunguo ni wako. Niahidi.

Habari njema: Mzee Laouali ameweka dole gumba. Bila dole la baba hospitali haimpokei binti, na yeye alikuwa amegoma, anasema binti amekwisha kumwaibisha vya kutosha hapa, hana haja aibu ikapande lori mpaka mjini. Malam Issoufou alikwenda na mguu wake mbovu akakaa kwake mchana kutwa. Sijui walisema nini. Karatasi ikarudi na dole, jeusi, kubwa, safi. Habsou alicheka, mara ya kwanza namwona meno. Yeye anaswali pale pale juu ya mchanga wake. Malam ndiye aliyemwambia atawadhe kila swala kisha aswali hivyo hivyo, Mungu anajua alivyo.

Nijibu kuhusu picha.

Nanret

&nbsp;

Mangu, 3 Juni 1995

Mpendwa Nanret,

Tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, acha, ile nafaka yetu ndogo, imeota, Mama analima kwa mdomo kutoka kwenye kiti chake. Mtoto wetu wa mwisho amemng'ata mwalimu. Kaneng ni mjamzito tena, usicheke.

Gazeti dogo la misheni limetoka na limependeza sana, rangi nne. Sikutumii nakala kwa sababu posta ya mpakani si ya kuaminika.

Kuhusu lile uliloniuliza, usiwe na wasiwasi. Kila kitu kinafanywa kwa hekima na kwa kuwalinda wahusika.

Kilishi, kilishi, kilishi.

Ponfa

&nbsp;

Gidan Kolo, 11 Agosti 1995

Ponfa,

Nawasalimu Mama, Kaneng na watoto. Wewe nitakusalimu mwishoni, kama moyo utakuwa umetulia.

Jumatano ilikuwa siku ya gulio. Nilinunua kosai kwa mama Tchima, zile bagia za kunde ninazokula kila wiki. Unajua jinsi zinavyofungwa huku. Karatasi zote chakavu za kwetu, mitihani, magazeti, vitabu vya nyimbo, hununuliwa kwa mafungu na wafanyabiashara, zikavushwa mpaka, wauza kosai wakafungia. Nimekwisha kula kosai juu ya mtihani wa hesabu wa shule ya Bauchi. Basi nikafungua nile.

Nikamwona Habsou. Rangi nne. Mkono juu.

Mafuta yalikuwa yamemwingia usoni, lakini ni yeye, mpaka kovu la nyusi. Chini yake kumeandikwa kwa Kihausa, herufi kubwa, "RAHILA: ALIACHA GIZA, AKAACHA NA MCHANGA WAKE." Nikasoma yote nikiwa nimesimama pale gulioni. Eti alikuwa akiabudu kwa hofu. Eti ndugu zake walimtupa kwa sababu ya imani yao. Eti aliumwaga mchanga wake miguuni pa Mchungaji Dakwal akasema, "Sasa ninaye Mwokozi." Mchanga! Habsou, ambaye hawezi kumwaga mchanga mbele ya mbuzi bila kuomba radhi!

Sikuwa wa kwanza kuisoma. Fundi cherehani wetu alikaa Kano miaka minane, huko alijifunza kusoma, na yeye kosai anakula kila siku. Alikuwa amekwisha kuwasomea watu wa gulio zima. Nilipofika kwa Mzee Laouali alikuwa ameshikilia karatasi mbili kama ile, moja kwa kila mkono. Akaniambia, "Mimi nina binti Habsou, nilimpa jina mwenyewe, nikachinja kondoo. Huyu Rahila ni wa kwenu. Mchukue." Karatasi ya hospitali yenye dole lake, niliyomwachia Habsou aitunze, ilikuwa chini, vipande vipande. Kuku wanavidonoa.

Habsou nilimkuta nyuma ya ua na kibuyu chake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nanret, kwa nini mlinipa jina lingine?" Nikamwambia njoo kwangu. Akasema, "Nikija kwako si ndiyo nitakuwa Rahila?" Akaenda kwa mke mkubwa wa Malam Issoufou, naye akampokea bila kuuliza swali.

Leo barazani kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni punguani wa gulio, wa pili ni Malam. Nikamfunga kidonda. Hakunitania hata neno moja. Kaka, angenitukana ningeshukuru.

Nimefunga vidonda vinavyonuka mpaka nzi wanaviogopa. Nimekaa karibu na Habsou siku nzima bila kuziba pua. Lakini karatasi ile nilipoishika nilinawa mikono kwa sabuni ya hospitali mara tatu. Mnanuka. Nasema hivyo kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa: mnanuka.

Sasa nijibu jambo moja. Mwenyekiti hakuuona mchanga. Siku ile Habsou alijificha nyuma, mchanga umefunikwa na kitambaa chake. Habari ya mchanga niliiandika mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja. Nani aliwapa?

Daktari anafika tarehe sita Novemba. Dole halipo.

Nanret

&nbsp;

Mangu, 9 Septemba 1995

Mpendwa mdogo wangu,

Mama hajambo. Kaneng miguu imemvimba, mfikirie katika maombi yako. Mvua imekuwa nyingi mno, ukuta wa jiko umeanguka.

Barua yako imetuhuzunisha. Lugha uliyotumia si ya mtumishi, lakini nimeelewa umechoka. Naomba utulie unisikilize. Kwanza, gazeti hilo ni la makanisa ya huku. Nani angejua kwamba mpiga chapa atauza nakala zilizobaki? Pili, jina tulilibadilisha makusudi, kwa usalama wake. Huo ndio utaratibu wa kazi hii duniani kote, jina la mhusika halitajwi. Kamati ililijadili jambo hilo kwa muda mrefu, na tukachagua jina zuri. Tatu, maneno mengine yalitiwa chumvi kidogo na wahariri ili msomaji aguswe, na waliguswa kweli. Kanisa zima lililia. Mama mmoja aliahidi kufunga na kumwombea Rahila kila Jumatano.

Kuhusu nani alisema nini kwa nani, sioni kama kuchimbua kunajenga. Tutazame mbele.

Kilishi usihangaike nacho kwa sasa.

Ponfa

&nbsp;

Gidan Kolo, 22 Oktoba 1995

Ponfa,

Salamu kwa Mama. Kaneng asisimame muda mrefu, alale ameinua miguu, apunguze chumvi. Nawe punguza ya kwako.

Jina mlibadilisha kwa usalama wake. Nimeusoma mstari huo nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mliweka sura yake wazi, macho na kovu, mkabadilisha jina! Hamkujua kwamba huku mtu akiacha dini hupewa jina jipya? Miaka yote hii mnatuma watu kwa Waislamu, hamkujua hata hilo? Mngemwita Habsou pengine baba yake angesema picha imeibwa tu. Jina la Rahila ndilo lililomshuhudia kuwa ameacha dini. Mlikaa kikao, mkaomba, mkalichagua. Jina zuri.

Nikuambie nilichofanya, kabla hujakisikia kwa Mwenyekiti. Mwezi mzima nilizunguka kwa wauza kosai nikizikusanya karatasi hizo. Hawauzi karatasi tupu, kwa hiyo nilinunua kosai. Asubuhi kosai, jioni kosai. Bado zilikuwa zinatokea. Nikaona hapa hakuna njia nyingine. Nikamwendea chifu nikamwomba aniweke mbele za watu Ijumaa baada ya swala.

Uwanja ulijaa. Wanawake walikuwa nyuma ya ukuta, Habsou kati yao. Chifu akainua karatasi akauliza, "Nanret, hii ni ya kwenu?"

"Ya kwetu."

"Maneno yake ya kweli?"

"Ya uongo."

Watu wakaguna. Mzee Laouali akasimama. "Na mkono? Mkono wa binti yangu nao ni uongo? Uko juu, nauona!"

Hapo, kaka, ndipo nilipolazimika kusema jambo ambalo hata kwako sikuliandika. Nilikwambia waliinua mikono. Sikukwambia kwamba mwanzoni hakuna aliyeinua. Waliona haya, wote wakanigeukia mimi kutazama nitafanya nini. Nami nilitaka mtu yule amalize, aondoke, nitoe kadi. Nikainua wa kwangu kwanza. Wakanifuata kwa sababu wananiamini. Kwenye picha kuna kiwiko kilichokatwa pembeni. Ni changu. Nikawaambia, "Aliulizwa nani anataka kupona. Niliyewainulisha mikono ni mimi. Kama mnatafuta mwongo wa kwanza, yuko mbele yenu."

Malam Issoufou akauliza, "Utaapa?"

Nikasema, "Malam, si nimewahubiria miaka sita kwamba sisi hatuapi? Ndiyo yetu iwe ndiyo."

Akanijibu, "Ndiyo yenu tumeiona kwenye kosai."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima, nami uso unaniwaka moto. Alikuwa na haki kabisa. Basi nikaweka mkono juu ya Biblia yangu, ile aliyonipa Baba nilipoondoka nyumbani, nikaapa mbele ya Mungu kwamba Habsou binti Laouali ni Mwislamu, hakuacha dini yake hata saa moja, na kwamba kanisa langu limemsingizia. Mmisionari wenu wa mwaka wa sita. Ushuhuda wangu wa kwanza uliosikilizwa na mji mzima ndio huo.

Mzee Laouali aliokota viatu vyake akaanza kuondoka. Kisha akasema, bila kugeuza kichwa, "Habsou. Twende nyumbani." Binti akatoka nyuma ya ukuta na kibuyu chake. Baba akasimama akimngoja. Mimi wakanipita kama siko, nami sikudai zaidi. Jioni fundi cherehani aliniletea karatasi mpya ya hospitali. Dole liko juu yake.

Tangu Jumatatu mahubiri kabla ya kadi hakuna. Nimetangaza: dawa kwanza, anayetaka kusikia neno abaki baadaye. Wamerudi nusu. Jana alibaki Malam peke yake, ili abishane.

Kristo namtumikia bado. Usije ukaandika huko kwamba nimerudi nyuma. Kilichonitia kinyaa ni nyinyi. Na swali langu la Agosti hujalijibu.

Nanret

&nbsp;

Mangu, 18 Novemba 1995

Nanret,

Kaneng amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mama amempa jina lako bila kutuuliza.

Kamati imekaa. Mwenyekiti alipata habari za kiapo chako kwa dereva. Umesimamishwa kazi kuanzia mwisho wa Desemba. Barua rasmi inakuja, na saini utakayoiona chini yake ni yangu. Sikuwa na namna. Au niseme nilikuwa nayo, sikuitumia.

Ni mimi. Unajua ni mimi, kwa hiyo ngoja niandike tu. Niliisoma barua yako ya Januari kwenye kikao, kwa sababu walikuwa wanasema hufanyi kitu na nilitaka wajue una moyo gani. Mwenyekiti akasema, "Hiyo ndiyo habari tunayoitaka." Nikaipiga chapa mwenyewe, jikoni, Kaneng akiwa amelala. Lile la kumwaga mchanga miguuni halikutoka kwa wahariri. Wahariri hakuna. Nilipoliandika nililia, nikadhani machozi ni dalili ya ukweli.

Sijali ukinitukana. Kuna jambo moja nimetumwa nikuambie, na jingine nauliza mwenyewe. Nililotumwa: Mwenyekiti anasema kama yule binti amepona, ukituma picha yake na habari fupi ya upasuaji, bila kutaja mambo ya dini ukipenda, kusimamishwa kwako kutaondolewa. Nimetumwa, nimesema.

La kwangu: je, amepona? Hata mstari mmoja.

Ponfa

&nbsp;

Gidan Kolo, 15 Desemba 1995

Kaka Ponfa,

Mbusu mtoto kwa ajili yangu, na mwambie Mama jina moja kwa watu wawili litamchanganya akianza kufokea. Nimefurahi, kweli. Kaneng anywe uji wa mtama kwa wingi. Huyo wa kung'ata mwangalieni asimkaribie.

Umejibu. Imekuchukua miezi mitatu, lakini umejibu, na nimelipokea. Kusamehe nitasamehe, mimi si wa kukaa na kitu tumboni. Sijafika huko bado, usinisukume.

Mwambie Mwenyekiti picha hakuna. Habari fupi hakuna, ndefu hakuna. Akitaka kuona mtu aliyepona aende hospitali ya Mangu akasimame mlangoni.

Mimi sirudi. Ile hospitali ya serikali wanahitaji mkunga, nami ni mkunga tangu kabla sijawa wenu. Nitakuwa nakuja hapa siku za gulio kufunga vidonda. Malam Issoufou amesema nikiondoka kabisa atakosa mtu wa kumshinda kwa hoja. Kidonda cha mguu wake kimefunga. Nimemwambia sasa hana kisingizio cha kukwepa kunioa, akatoka mbio, naye ana fimbo.

Hili linalofuata namwandikia kaka yangu, si Katibu. Jumatatu Habsou alikuja nyumbani. Alikuwa amerudi wiki moja kabla, baba yake ndiye aliyemfuata kwa lori. Ameleta kibuyu, kitupu, amekiosha kwa majivu mpaka kinang'aa. Akaniambia, "Kitilie mayai. Mimi sina kazi nacho." Akakaa mkekani kwangu, katikati kabisa, akanywa chai vikombe viwili na kunisimulia mambo ya wodini, nesi fulani anayekoroma. Alipoondoka niliupapasa mkeka. Mkavu. Nikaupapasa tena.

Sasa umejua. Ukimwambia mtu mmoja, hata ukiwa unalia, nitakuwa sina kaka.

Kilishi chako hiki hapa hatimaye, kutoka kwa mchomaji yule unayempenda. Nimekifunga kwa ile karatasi ya Rahila. Ndiyo ya mwisho, nimezunguka gulio mara mbili kuhakikisha. Wino umeshika kwenye nyama kidogo, utauona. Ukimaliza, itie motoni pamoja na barua hii, Mama akishuhudia. Lakini kwanza kula, kaka, usiache hata kipande. Mimi kosai zake nimezila mwezi mzima.

Mdogo wako,
Nanret